Mlango Mwekundu Kwenye Gari Jeupe

Jumatano, mwezi wa saba. Lyamkena, Makambako. Upepo umeanza tangu alfajiri, ule wa kung'oa bati la choo cha jirani na kulileta kwako kama zawadi. Baridi imeingia mpaka kwenye meno machache niliyobaki nayo. Hasira ninayo, ya kutosha kuchemshia maji ya kuoga.

Kwanza niwaambie mnasoma habari za nani. Kuanzia Makambako hadi Songea, hakuna mlango wa gari niliowahi kuufunga kwa mikono yangu ukakataa kukaa. Miaka arobaini na mitatu ya nyundo na tupa. Hata mmoja hakuna.

Huo ni uongo.

Ipo mitatu ninayoikumbuka. Mmoja ulimwangukia mchungaji kwenye kidole gumba cha mguu, akasema neno ambalo halimo katika kitabu cha nyimbo. Na upo huu wa wiki hii, ambao hata sikuujaribu, na ndio ulionikalisha hapa kwenye kigoda nikibonyeza kwenye simu shajara yangu ya kundi la mafundi na madereva kwa kidole kimoja, kwa sababu kile kingine nimekifunga kitambaa.

Mambo ni haya.

Nilikuwa na rafiki Njombe, marehemu Mzee Mtewele, karani wa mashamba ya miwati enzi zile. Ameacha watoto wawili, Eliud na dada yake Edina, na ameacha magari mawili ya michezo. Si magari ya kuchezea. Ni yale ya milango miwili, pua ndefu, mgongo umeinama. Watu wa mtaa wake waliyaita mbwa wa kuwinda. Jekundu aliachiwa na meneja mzungu aliyerudi kwao. Jeupe alilinunua baadaye kutoka kwa mkulima Mgiriki wa Iringa, akilitaka liwe mwenzake jekundu. Jina lile lile, sura ile ile. Ukiyaona kwa mbali unasema ni mapacha.

Si mapacha. Na mtu wa kwanza kuniambia hivyo alikuwa marehemu mwenyewe, nami nikamcheka.

Alinieleza hivi, tumekaa juu ya matairi uani kwake. Kampuni iliyobuni gari lile haikuwa na nafasi kiwandani. Ikatoa kazi ya bodi kwa watu wa nchi nyingine. Mabati yakakandamizwa mji mmoja, yakapelekwa kuchomelewa mji mwingine, na yalipokutana hayakuelewana, kama mashemeji. Hapa pana upenyo wa kidole, kule panabana. Ikabidi waitwe wazee wenye tupa na risasi, yaani madini ya risasi, wayeyushe, wajaze, wapige tupa, mpaka kila mlango ukae kwenye tundu lake na si la mwingine. Baada ya miaka michache kampuni ikachoka na malalamiko, ikarudisha kazi nyumbani, ikatengeneza bodi zake yenyewe kwa vipimo vyake. Jekundu ni la wale wa kwanza. Jeupe ni la nyumbani.

Nikamwambia, Mtewele, wewe karani wa miwati unajua kiwanda cha Ulaya kilikuwa na nafasi au hakikuwa nayo? Akacheka. Akanionyesha bampa: la jekundu limepinda juu kama pembe za ng'ombe, la jeupe limenyooka. Nikasema hiyo ni fasheni tu. Mimi niliishia darasa la tano, lakini ubishi nilisoma mpaka chuo.

Basi akafa, mwezi wa pili mwaka huu. Mwezi wa tatu tukamaliza tanga, ukoo ukakaa uani kugawa.

Mwenyekiti wa ukoo ni Mzee Lazaro, mdogo wake marehemu, mzee wa kanisa, mtu ambaye akiombea chakula ugali unageuka kiporo. Shamba likagawanywa salama, na ng'ombe wakagawanywa. Ilipofika kwenye magari, jeupe likaenda kwa Eliud, jekundu kwa Edina. Shangazi mmoja akasimama akasema Eliud anaonewa, maana milango ya jekundu mizima yote miwili, ya jeupe imeliwa na kutu chini. Lazaro akafumba macho, akafumbua, akatoa hukumu watu wakapiga makofi: kila mtoto apate mlango mzuri mmoja na mbovu mmoja. Mlango wa dereva wa jekundu uende jeupe, wa jeupe uende jekundu. Kama vile unagawa mbuzi, paja hili huku, paja lile kule.

Na nani akaitwa kufungua boliti? Mimi, mwenye kidole hiki.

Nikafungua. Nilitakiwa nifunge kila mlango mahali pake papya, watu waone. Lakini nyama ilikuwa imeiva, na nyuma ya nyumba, mbali na macho ya mzee wa kanisa, palikuwa na ulanzi wa msimu, ile pombe ya mianzi, mtamu. Nikalaza kila mlango ndani ya gari lake jipya juu ya kiti. Nikawaambia kazi imekwisha, zimebaki boliti tu. Lazaro akasali sala ya kufunga mgawo, ndefu kama barabara ya Makete. Edina akalivuta gari lake mpaka hapa Lyamkena, anakofundisha shule ya msingi, nyumba mbili kutoka kwangu. Akalifunika turubai. Na mimi nikasahau.

Jumapili hii ndipo simu ikaanza.

Eliud anamwoza binti yake Jumamosi. Akataka bibi harusi abebwe kwenye gari la babu yake. Wazo zuri, silipingi, hata mimi moyo uliniruka. Akamleta fundi wake, kijana mmoja wa Njombe ambaye wote wanamwita Injinia kwa sababu ana kompyuta, anachomeka waya gari linamwambia linaumwa wapi. Gari hili halina pa kuchomeka waya. Injinia akachukua mlango mwekundu, akautundika kwenye gari jeupe. Juu pana upenyo wa kupitisha kidole. Ukingo wa nyuma unagonga nguzo. Boliti moja ya bawaba haioni tundu lake.

Eliud hakuuliza kwa nini. Akampigia dada yake simu kwamba amembadilishia mlango, ule halisi kauficha, kampa wa gari jingine. Akasema hayo akiwa ameweka sauti kubwa, mbele ya wageni wa upande wa bwana harusi. Na akasema kuna kizee cha Lyamkena kilichomsaidia, fundi wa masufuria.

Masufuria.

Sufuria nimenyoosha, ndiyo, wakati wa njaa. Lakini kuna namna ya kulitamka.

Jana Jumanne Lazaro akatuita Njombe. Tulifika mimi na Edina kwenye ukungu ule ambamo unamsalimia mtu kabla hujamwona. Nikasalimia kamwene, watu wakaitikia kwa pua. Uani kwa Eliud, nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi, gari jeupe limesimama na mlango mwekundu umening'inia kama ulimi wa mtu mgonjwa. Injinia ameegemea boneti, grenda iko miguuni.

Edina hakukaa kwenye kiti alicholetewa.

Eliud akamwambia, "Dada, sitaki ugomvi. Nirudishie mlango wangu, yaishe."

"Huo ndio niliokupa."

"Huo haukai."

"Basi muulize aliyeufungua," akasema Edina, akanitazama.

Akanitazama kwa heshima. Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu, shajara. Mtoto wa rafiki yangu anaitwa mwizi, na neno moja tu lilikuwa linatakiwa kutoka kinywani mwangu: sikuijaribu ile milango, nilikwenda kunywa. Neno lenyewe fupi. Lingetoka hata na meno haya.

Badala yake nikatoa sumaku mfukoni.

Nilitaka kumshinda yule kijana. Ndiyo sababu, hakuna nyingine. Nikaweka sumaku katikati ya mlango mwekundu, ikang'ang'ania. Nikaivuta mpaka ukingoni, ikaanguka chini. Nikarudia, ikaanguka tena. Injinia akacheka akasema hiyo ni puti, Mzee, mlango umejazwa puti, tena na fundi wa kienyeji, na akanikonyeza ili nijue fundi huyo ni nani. Nikatoa kisu. Puti ukiikwangua inatoa unga. Hii ilitoka mkunjo mwembamba, laini, unang'aa kama mgongo wa samaki mbichi. Nikampa aushike. Nikamwambia, wee Injinia, hiyo ni risasi ya kiwandani, mzee mmoja wa Ulaya aliimwaga hapo babu yako akiwa hajajua kutongoza. Mlango huu ulinenepeshwa ukingo uzibe tundu la gari lake. Haukunenepeshwa kwa ajili ya gari hili.

Kisha nikawaonyesha namba. Chini ya raba, ukingoni, zimegongwa nne, moja, saba. Nikasema nendeni Lyamkena, mkwangue rangi kwenye nguzo ya gari jekundu, mtakuta nne, moja, saba. Hao wa kwanza waligonga namba ili mlango usipotee njia. Wa jeupe hawakugonga, hawakuwa na haja. Edina hakuiba kitu. Milango yote miwili ni halali. Mmekosea mgawo.

Nilidhani watanibeba juu juu.

Injinia akaokota grenda. "Modeli moja, Mzee. Kama mlango umenenepa tunaukata. Na nguzo tunaikata kidogo, tunachomelea bawaba upya. Ijumaa asubuhi napiga rangi nyeupe gari lote, Jumamosi harusi."

Mnaelewa anachosema? Atanyoa ukingo wa mlango mwekundu pamoja na namba yake, na atakata nguzo ya gari jeupe. Baada ya hapo mlango ule hautakaa tena kwenye jekundu milele, na jeupe halitapokea tena mlango wake. Magari mawili yaliyovuka bahari, yakamaliza miaka sitini bila kuliwa na wauza chuma chakavu, yatauawa yote mawili kwa dakika ishirini, kwa kuwa ukoo ulitaka usawa.

Nikamgeukia Lazaro. Nikamwomba, tena kwa adabu ambayo sikujua kama bado ninayo, atamke tu kwamba milango irudishiane. Ni boliti sita. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mgawo ulioombewa haufunguliwi."

Nikamwambia Mungu hana ugomvi na bawaba. Hakupenda. Akasema tukifungua la mlango, kesho shangazi atafungua la ng'ombe, keshokutwa la mpaka wa shamba. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu ni kweli. Ukoo ule ukiufungulia boliti moja, wote unabomoka. Nikamwambia basi wasifungue mgawo, wapeane zawadi. Edina amzawadie kaka yake mlango mmoja, Eliud amzawadie dada yake mmoja. Zawadi haihitaji kikao. Lazaro akakuna kidevu, akasema zawadi hajaikataza.

Nikajiona mwanasheria.

Lakini Eliud akasema atangulie dada. Edina akasema atangulie yeye aliyemwita mwizi. Eliud akasema akitangulia yeye, wageni wa mkwe watasema alikosea. Edina akasema hakukosea? Basi wakasimama pale kama mabeberu wawili darajani. Watu wazima, mmoja ana duka, mmoja anafundisha watoto hesabu za kugawanya. Na mimi, ambaye ningeweza kulipasua jambo lile kwa kusema kosa ni langu, watoto, nililewa, nikabaki nazungusha sumaku mkononi.

Sikusema. Nilisema habari za viwanda, nilisema habari za risasi. Habari za ulanzi sikusema.

Tukarudi Lyamkena. Tulipofika kwake Edina alivuta turubai akalitazama gari lake, na ule mlango mweupe ulioliwa na kutu umelala kitini tangu mwezi wa tatu kama mgonjwa aliyesahauliwa wodini. Akaniambia baba yake alikuwa akimkalisha kwenye kiti kile akiwa mdogo na kumwambia ashike usukani, na Eliud upande wa pili akililia zamu yake. Hakulia wakati anasema. Mimi ndiye niliyetazama pembeni.

Kisha akaniambia, "Baba, huo mweupe mpelekee. Asinipe wangu kama hataki, nitangoja. Ila asikate. Na usimwambie nimetuma mimi."

Nikauchukua.

Leo kutwa nimekuwa juu yake. Chini palikuwa pameoza viganja viwili. Nimekata kutu, nimekunja bati jipya, nimechomelea kidogo kidogo ili lisipinde, nimepiga tupa mpaka vidole vikafa ganzi. Hapo ndipo tupa iliponikumbusha umri, ikanipitia kidole. Damu imeingia kwenye mlango. Nimeipaka rangi juu, sasa nami nimo ndani ya gari lile, wapende wasipende.

Na muda wote nikipiga tupa nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia Injinia kwa grenda yake. Nikamkasirikia Lazaro kwa sala yake, na Eliud kwa ile sauti kubwa ya simu. Saa tisa hivi nikawa nimewamaliza wote, na bado mkono unapiga tupa kwa hasira, sina wa kumkasirikia tena isipokuwa mwenye mkono.

Mtewele aliniambia. Miaka mingi iliyopita, kwa utaratibu, akinionyesha kwa kidole. Mimi ndiye mtu pekee katika ule uani niliyekuwa naijua habari ya viwanda viwili siku ya mgawo. Wengine wote walikosea kwa kutojua. Lazaro hakujua, shangazi hakujua. Hata Injinia hajui, ni mtoto, atajifunza au atafungua baa. Mimi nilijua, nikafungua boliti nikacheka, na nilipokuwa nimeshika mlango ule mkononi niliuona uzito wake wa ajabu ukingoni. Niliuona. Nikasema aah, nyama inapoa.

Kwa hiyo nimeandika. Upande wa ndani wa mlango, pale penye bati tupu, kwa chaki ya fundi, herufi kubwa kwa sababu ndogo zinanishinda: ELIUD, MLANGO HUU NI WA GARI LAKO. SIKU YA MGAWO SIKUUJARIBU, NILIKWENDA KUNYWA. DADA YAKO HAJUI. FUNGA BOLITI TATU UONE. Nimeweka jina langu chini. Nimeusoma mara mbili. Aibu yake si kubwa kama nilivyodhani, au labda upepo umenipunguzia.

Mimi mwenyewe siwezi kuubeba. Nimejaribu kuunyanyua mpaka barabarani, mgongo ukaniambia tusitaniane. Watu wa basi dogo walikataa jana hata gunia la mtu la maharage, mlango watausemaje.

Sasa wewe.

Wewe dereva wa roli la buluu la viazi. Jina sitaji, maana bosi wako naye ana simu. Lakini unajijua, kwa sababu baada ya Pasaka ulikuja hapa kwangu unatokwa jasho kwenye baridi, bampa limekunjika, umegonga nguzo ya geti la huyo huyo bosi. Nikalinyoosha na kulipaka rangi kabla hajatoka ibadani. Ukaniambia, Babu, nina deni lako, siku yoyote utakayosema. Sijasema siku yoyote. Na kwa bosi sijasema lolote, na ningependa niendelee hivyo.

Kesho Alhamisi unapanda Njombe mtupu. Pita Lyamkena saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njoo mpaka mlangoni kwangu, usinipigie honi kama mbuzi. Mlango nimeufunga blanketi. Uusimamishe nyuma ya kabini, usiulaze, usipakie kitu juu yake. Uushushe kwa Eliud, nyuma ya duka lake, umkabidhi mkononi yeye na si yule wa grenda, umwambie asome upande wa ndani.

Watakukaribisha chai. Shusha mlango kwanza.